Mfupa Uliopumzishwa

Picha ya kwanza ni ya siku ya upasuaji:
chuma ndani ya paja, kimenyooka, cheupe,
na mfupa umekizunguka, mnene, umeshiba.
Ya pili, miezi mitatu baadaye, sikuitazama sana.
Ya tatu ni ya leo, Tartu, mwezi wa pili,
theluji imepanda hadi vizingiti vya madirisha.

Daktari Leelo anaibandika kwenye taa.
Hasemi. Anagusa kwa ncha ya kalamu
juu ya paja, upande wa ndani,
na mimi, niliyejenga majiko ya matofali miaka arobaini na mitatu,
naona ukuta uliokonda.

Anaumwa?

Haumwi, anasema. Nyonga mpya inafanya kazi vizuri.
Vizuri mno.
Chuma kinaupokea uzito na kushuka nao moja kwa moja,
kinaupita mfupa wa juu bila hodi.
Na mfupa, Bwana Heino, huulizwa kila siku:
leo umebeba nini?
Ukijibu sijabeba kitu,
mwili unakuja na kikapu,
unachota chokaa yake chembe kwa chembe
na kwenda kuitumia kwingine.

Chokaa!
Mimi na chokaa tunajuana.
Imenila kucha, imenipa mkate.

Chini, Muri amejinyoosha sakafuni, anajilamba kidole,
tajiri asiyejua ghala lake linahamishwa.

Nalikumbuka jiko la Vastseliina.
Mwenye nyumba alitaka kipande cha reli juu ya mlango wa moto,
kwa usalama, alisema, na reli alikuwa nayo bure.
Nikamwekea. Reli ikabeba kila kitu.
Tao langu likakaa juu yake kama mgeni,
halikusukumwa, halikusukuma,
na mwaka wa sita tofali la katikati
nililitoa kwa vidole viwili.

Tao husimama kwa kubanwa.
Hilo nilikuwa nikiwaambia vijana,
halafu nikalisahau kwa habari ya miguu.

Dakika kumi kwa siku, Leelo anaandika,
kisha kumi na tano, kisha kilima kidogo.
Polepole. Ukimkimbiza, paja litapasuka kando ya chuma
na hapo hatutakuwa na mazungumzo haya.

Njiani Piret anaendesha, nami nimeshika mkanda wa mbwa.
Binti yangu. Tangu moyo wangu uzimike kwenye ngazi
amechukua kuni, amechukua ndoo ya kisimani,
koleo la theluji, mbolea ya viazi,
hata kifuniko cha mtungi wa matango.
Keti, baba.
Nikaketi.
Mkono ulioinua tofali mbili kwa kiganja kimoja
sasa unatetemeka chini ya kikombe.

Sisemi kwa kejeli. Chuma hakina kosa.
Bila chuma, Muri angekuwa bado analia usiku
kila anapogeuka kwenye blanketi,
na bila Piret mimi ningekuwa udongoni
pale kwenye msitu wa misonobari, kando ya mama yake.
Lakini nimeiona picha.

Asubuhi natangulia kisimani.
Ndoo nusu. Robo, nikisema kweli.
Natembea nayo kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani,
maji yananimwagikia buti na kuganda.
Piret yuko mlangoni, mikono imemning'inia,
haijui pa kwenda.
Anafungua kinywa. Anakifunga.

Na Muri, ambaye mwaka mzima amekojoa akichuchumaa kama mtoto wa wiki sita,
anaufikia mti wa magome meupe,
anaunusa, anawaza,
anainua mguu wa kulia,

akisimama, mwili mzima,
juu ya ule wa kushoto.